CHEMA HAKIJIUZI MBELE YA JOPO

Mazungumzo kwa walimu, watumishi wa umma na vijana wanaotafuta kazi, Ng'ambo, Tabora



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya usaili wa kazi: namna ya kujiandaa, na namna ambavyo mtu mmoja kati ya wengi anaweza kuonekana na kukumbukwa na wale waliokaa upande wa pili wa meza. Jambo hili zamani lilikuwa la wachache. Leo limebisha hodi katika kila nyumba yenye kijana aliyesoma, na hapa Tabora, mji wa shule na vyuo, nyumba za namna hiyo ni nyingi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Mwezi Juni mwaka 1914 njia ya reli kutoka Tabora ilikuwa imekwisha kufika Kigoma. Miaka mia moja kamili baadaye, Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 waliitwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Mwaka huo huo wa 2025, kuanzia mwezi Januari, walimu walioomba ajira serikalini waliitwa kwenye usaili. Waombaji walizidi 200,000 na nafasi hazikufikia 15,000. Kwa hesabu hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo iliyo na nafuu kuliko zote tatu, watu wapatao kumi na wanne waligombea kiti kimoja.

Nataka tutue hapo kwa walimu, maana wengi wenu ni walimu. Kwa miaka mingi mwalimu wa nchi hii hakusailiwa. Alimaliza chuo, akasubiri orodha, akaliona jina lake na jina la shule, akafunga mizigo yake akaenda. Wahitimu wa fani nyingine nao waliwahi kupangiwa kazi vivyo hivyo katika miaka iliyofuata Uhuru wa 1961, wakati nchi ilipokuwa na kazi nyingi na wasomi wachache. Hali hiyo imegeuka. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 iliweka msingi wa ajira kwa ushindani ulio wazi. Marekebisho yake ya mwaka 2007 yalianzisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nayo ikaanza kazi mwaka 2010. Mwalimu alibaki nje ya mlango huo kwa muda, lakini sasa naye ameingia. Basi mzazi aliyepangiwa shule bila ya kuulizwa swali hata moja hawezi kumweleza mwanawe jopo ni kitu gani. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Ndugu zangu, kuchaguliwa kwa ajili ya kazi si jambo geni katika ardhi hii. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, waliikuta nchi ya Unyanyembe ikiwa njia panda ya misafara: njia ya Ujiji, njia ya Karagwe na Buganda, na njia ya kurudi Bagamoyo. Misafara hiyo ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulifika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, na mwendo ulikuwa wa miezi. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Burton mwenyewe aliandika kwamba Wanyamwezi waliuhesabu upagazi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba mtoto alianza mapema kubeba kipande kidogo cha pembe. Mtoto huyo, siku alipofika kuomba mzigo wa mtu mzima, hakuwa na haja ya kueleza kwa maneno mengi kwamba anaiweza kazi. Bega lake lilikuwa limekwisha kusema.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya zama zile na zama zetu. Kazi nyingi za leo haziachi alama begani. Mwalimu aliyewatoa watoto sitini kwenye kutojua kusoma hadi kujua hana chochote mwilini cha kuonyesha. Karani aliyenyoosha masjala iliyochafuka kwa miaka mitano hana kovu. Jopo halimjui, halikuwapo, na lina dakika chache tu za kukaa naye. Kwa hiyo kazi iliyofanyika kimya kimya hapana budi isemwe kwa kinywa, na isemwe na yule aliyeifanya.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi hulishika embe kwa mkono wake na kulinusa. Mbele ya jopo si kweli. Pale chema hakijiuzi. Wapo vijana wengi wenye uwezo wanaotoka katika chumba cha usaili wakiwa wameacha uwezo wao wote nje ya mlango, na wapo wenye uwezo mdogo waliojua kuusema huo mdogo walio nao.

Chanzo cha hasara hii nakiona katika malezi yetu, na nasema hivyo bila ya kuyalaumu. Mtoto wa Kitabora hufundishwa kuinamisha uso mbele ya wakubwa, kujibu kwa ufupi, na kutojisifu. Malezi haya ni mema na yasitupwe. Lakini siku ya usaili kijana anawakuta watu wazima watatu au watano wamekaa kwa mstari, na mwili wake unakumbuka mafunzo ya nyumbani: anainama, sauti inashuka, kila jibu linakuwa la neno moja. Mwingine, akiwa ameambiwa na wenzake kuwa usaili unataka kujiamini, anavuka mpaka upande wa pili: anajiita mchapakazi, mbunifu, kiongozi, mtu wa kujituma. Maneno manne makubwa, na nyuma yake hapana tendo hata moja. Wa kwanza hakusema kitu. Wa pili amesema sana na bado hakusema kitu.

Njia iliyo baina ya hawa wawili ni kuisema kazi badala ya kujisema nafsi. Asemaye "mimi ni hodari" amejisifu. Asemaye "darasa lilikuwa na watoto themanini na vitabu kumi, niliwagawa makundi manane, nikaandika hadithi fupi kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, na kufikia mwezi Novemba waliokuwa hawajui kusoma walibaki sita" hakujisifu hata kidogo. Ametoa ushahidi. Heshima kwa wakubwa imebaki pale pale, na jopo limepata kitu cha kuandika katika karatasi yake.

Basi tuangalie maandalizi, hatua kwa hatua.

La kwanza ni tangazo lenyewe. Watu wengi hulisoma tangazo la kazi kama wanavyosoma habari ya msiba: wanatafuta jina na tarehe. Tangazo ndilo karatasi ya maswali iliyovujishwa kwa halali. Kila tangazo la utumishi wa umma huorodhesha majukumu ya kazi na sifa za mwombaji. Chukua daftari, andika kila jukumu peke yake, na chini yake jibu maswali mawili: Je, jambo hili au linalofanana nalo nimewahi kulifanya wapi? Na kama sijawahi, najua nini kuhusu namna linavyofanyika? Mtu aliyelijaza daftari hilo kwa uaminifu amekwisha kujibu sehemu kubwa ya maswali atakayoulizwa.

La pili ni karatasi. Huzuni iliyoje mtu kusafiri kutoka Urambo au Sikonge hadi kituo cha usaili, kwa nauli ya kukopa, kisha akarudishwa mlangoni! Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi: msailiwa aje na vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita, hadi vya taaluma, aje na kitambulisho kinachotambulika, hati za matokeo za muda hazikubaliwi, na gharama za usafiri, chakula na malazi ni zake mwenyewe. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, yarekebishwe kisheria mapema. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimethibitishwa na mamlaka zinazohusika. Aliye tayari katika utumishi wa umma akiomba nafasi nyingine apitishe barua kwa mwajiri wake. Mambo haya hayahitaji akili nyingi, yanahitaji wiki mbili za mapema.

La tatu ni kuijua taasisi na kazi yake. Mwalimu anayekwenda kusailiwa hana udhuru wa kutojua kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitolewa upya katika toleo la mwaka 2023, na kwamba mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024. Ajue Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inamhusu kwa mambo gani. Azimio la kazi na andalio la somo aweze kuyaandika pale pale akiambiwa. Ofisa anayeomba nafasi ya utawala asome Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zake, na ajue kuwa mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji umeachia nafasi mfumo wa PEPMIS. Usikariri ili utapike. Soma mpaka uweze kumweleza mama yako jambo hilo kwa lugha ya nyumbani. Ukiweza hivyo, jopo halitakushinda.

La nne ni kutambua kwamba usaili una milango zaidi ya mmoja. Panapokuwa na waombaji wengi huanza mtihani wa mchujo wa kuandika. Kwa kada nyingine hufuata usaili wa vitendo: dereva anaendesha, mwandishi mwendesha ofisi anachapa. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana. Wapo wanaojiandaa kwa mahojiano tu, wakapambwa suti na hotuba, na mchujo ukawaacha nyuma siku ya kwanza. Mchujo unataka kusoma, na kusoma hakuna njia ya mkato. Na kwa kuwa swali laweza kuja kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, fanya mazoezi ya kueleza kazi yako kwa lugha zote mbili, kwa sauti, mbele ya mtu. Jibu lililo kichwani na jibu lililo kinywani ni vitu viwili tofauti.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe.

Fika mapema. Vaa nguo safi za heshima, zile ambazo ungevaa siku mgeni wa mkoa anapoitembelea ofisi. Hazihitaji kuwa mpya. Ukiingia, salimu kwa jinsi ulivyolelewa. Salamu moja kwa jopo zima yatosha, usizunguke meza kutoa shikamoo kwa kila mmoja. Kaa unapoonyeshwa. Mtazame anayekuuliza, katika chumba kile kumtazama mkubwa usoni si utovu wa adabu, ni dalili kwamba unamsikia.

Swali la kwanza aghalabu huwa hili: "Tueleze kwa ufupi habari zako." Wengi huanzia kuzaliwa, wakapita darasa la kwanza, wakafika kidato cha nne, na muda umekwisha. Jopo lina vyeti vyako mezani. Linachotaka ni kusikia unavyoyaunganisha maisha yako na kazi hii. Sema wewe ni nani kwa sentensi moja, umefanya nini kinachohusu kazi hii kwa sentensi tatu au nne, na kwa nini umeiomba kwa sentensi moja. Kisha nyamaza.

Maswali mengine hukutaka ueleze tukio: siku uliyogombana na mwenzako kazini, siku uliyofanya uamuzi mgumu, siku mambo yalipoharibika. Jibu la swali la namna hii lina vyumba vinne, nalo liingie vyote. Chumba cha kwanza ni hali ilivyokuwa. Cha pili ni jukumu lililokuwa lako. Cha tatu ni ulichokifanya wewe, hatua kwa hatua. Cha nne ni matokeo. Watanzania wengi hujaza chumba cha kwanza, hujaza cha nne, na katika cha tatu husema "tulishirikiana tukafanikiwa." Ushirikiano ni jambo jema, lakini jopo haliajiri kundi. Litajieje kama wewe ndiwe uliyevuta kamba au ndiwe uliyeketi kivulini? Sema "tulikuwa wanne; mimi nilipewa kuhesabu vifaa na kuandika taarifa, na nilifanya hivi." Hujawanyang'anya wenzako sehemu yao. Umesema yako.

Ndugu vijana, sasa nasema nanyi mliokaa nyumbani miaka mitano, au saba, au zaidi, tangu mlipohitimu. Najua swali mnaloliogopa: "Miaka hii yote ulikuwa unafanya nini?" Wengine huona haya, wakajibu kwamba walikuwa wanasubiri ajira, na kwa neno hilo moja wakafuta miaka yao. Lakini kweli ulikuwa unasubiri tu? Yule aliyeandika daftari la mizani ya tumbaku katika chama cha msingi cha ushirika amejifunza kutunza kumbukumbu ambazo wakulima wenye macho makali huzikagua kila siku. Yule aliyefundisha watoto wa jirani jioni kwa malipo ya debe la mahindi amefundisha. Yule aliyeendesha bodaboda na kuweka fedha za wenzake katika chama cha kuweka na kukopa amekuwa mweka hazina. Yule aliyeuza asali kutoka Sikonge ameshughulika na wateja, na vipimo, na madeni. Hizo ni kazi. Zisemeni kwa vyumba vile vile vinne, bila ya kuzipamba na bila ya kuzionea haya. Mtu aliyejishughulisha wakati hapana aliyemlazimisha ana ushahidi ambao aliyeajiriwa siku ya pili baada ya chuo hana.

Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafuta wapi: katika sheria gani, kwa ofisa yupi, katika waraka gani. Jopo lenye watu wazima hutambua uongo upesi kama mwuza nyama anavyotambua shilingi mbovu. Ukiulizwa udhaifu wako, taja ulio wa kweli na hatua unayoichukua kuurekebisha; usilete ule udhaifu wa kujikweza wa kusema eti unafanya kazi kupita kiasi. Na mwisho ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza juu ya kazi: kituo kina watumishi wangapi katika kada hii, ni shida gani kubwa ambayo mwajiriwa mpya atatarajiwa kuanza nayo. Swali la namna hiyo huonyesha kuwa akili yako imekwisha kuvuka na kuanza kazi.

Ndugu Mwenyekiti, ningekuwa sikutenda haki kama ningewasema wasailiwa peke yao. Katika ukumbi huu wamo watumishi ambao kesho au keshokutwa wataitwa kukaa kwenye jopo. Hao nao wajiandae.

Ushindani wa wazi ulizuliwa kuwa dawa ya upendeleo. Huko Uingereza, taarifa ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ilipendekeza mitihani ya ushindani kwa sababu kazi za serikali zilikuwa zikigawiwa kwa jamaa na marafiki wa wakubwa. Sisi wenyewe tuna Katiba ya mwaka 1977, ambayo ibara yake ya 22 inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Basi msaili anayeingia chumbani akiwa na kimemo mfukoni amekwisha kuivunja Katiba kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

Lakini upendeleo haukai mfukoni tu. Hukaa pia katika mazoea. Msaili humpenda aliyesoma shule aliyosoma yeye, anayetoka upande wa kwao, au anayesema kwa lafudhi aipendayo, na akadhani ameona uwezo. Dawa yake imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 juu ya namna za kuchagua wafanyakazi, wakaona kwamba usaili uliopangwa hutabiri utendaji wa mtu kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpango. Uchambuzi mpya wa Paul Sackett na wenzake, wa mwaka 2022, ulishusha makadirio ya vipimo vingi, lakini usaili uliopangwa ukabaki mahali pa juu kabisa. Usaili uliopangwa maana yake ni nini? Ni maswali yale yale kwa kila mwombaji, yaliyotokana na kazi yenyewe. Ni vigezo vya alama vilivyoandikwa kabla. Na ni kila msaili kutoa alama zake peke yake kabla ya kusikia za mwenzake. Mambo haya matatu hayagharimu fedha.

Mengine hayaulizwi kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsi, ujauzito, ndoa, ulemavu na mengineyo. Binti asiulizwe anatarajia kuzaa lini. Na lililo baya kuliko yote, kumtaka mwombaji fedha au mwili wake ili apate kazi, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Wazazi na vijana wajue kwamba TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila ya malipo, na kwamba yeyote anayedai fedha ili "aliingize jina" ni tapeli au mla rushwa. Hana sura ya tatu.

Wapo watakaoniambia: "Ndugu, haya yote ni mazuri, lakini kazi zinakwenda kwa kujuana." Sitasimama hapa nikawaambia kuwa kujuana kumekwisha. Nasema hivi tu: anayeamini kwamba kila kiti kimekwisha kugawiwa hatajiandaa, na asiyejiandaa atashindwa hata pale mizani ilipokuwa sawa. Atarudi nyumbani na kusema, "Niliwaambia." Kumbe mara hiyo alishindwa na daftari ambalo hakulijaza. Imani hiyo ni mzigo unaobebwa bure. Anayejiandaa kikamilifu hufanya mambo mawili kwa pamoja: hujiongezea nafasi yake, na huifanya kazi ya mpendeleaji kuwa ngumu, maana ni vigumu kumwacha mtu ambaye ushahidi wake umeandikwa katika karatasi za wasaili wote.

Na kweli ya hesabu ibaki palepale. Watu kumi na wanne kwa kiti kimoja maana yake kumi na watatu watarudi, na miongoni mwao watakuwamo waliojiandaa vyema. Kushindwa usaili si hukumu juu ya thamani ya mtu. Sekretarieti ya Ajira hutunza kanzidata ya waliofaulu ambao nafasi hazikuwatosha, na baadhi yao huitwa baadaye nafasi zinapopatikana. Baada ya kila usaili, kaa siku hiyo hiyo uandike maswali uliyoulizwa, majibu uliyotoa, na yaliyokutatiza. Usaili wa pili wa mtu mwenye daftari hilo hauwi sawa na wa kwanza.

Neno langu la mwisho ni kwenu walimu mlioko kazini. Mji huu una Shule ya Wavulana Tabora, una ya Wasichana, una Milambo, una Chuo cha Ualimu na Chuo cha Utumishi wa Umma. Maelfu ya vijana hupita mikononi mwenu. Wengi wao hukaa madarasani miaka kumi na zaidi bila ya kusimama hata mara moja kueleza jambo walilolifanya kwa mikono yao. Huuliza nani aliyejua jibu, nani ananyoosha mkono, basi. Mpeni kila mwanafunzi, angalau mara moja katika muhula, dakika tatu za kusimama mbele ya wenzake aeleze: kazi ilikuwa hii, sehemu yangu ilikuwa hii, nilifanya hivi, matokeo yalikuwa haya. Aeleze bustani aliyoipalilia, hesabu iliyomtesa, mchezo alioupanga. Wenzake wamuulize maswali, naye ajibu bila ya kuinamisha uso na bila ya kujikweza. Zoezi hilo halihitaji kibali wala fungu la bajeti.

Mtoto wa zamani wa Unyamwezi alipewa kipande kidogo cha pembe ili bega lake lizoee kabla ya safari ndefu. Wa leo mpeni neno, alizoee.